Rashidi, nenda tu pale kwa fundi

Mwanangu Rashidi,

Hujambo baba, bibi mpe shikamoo yangu. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu jambo lenyewe refu, na kwenye simu wewe huwa unaitikia tu ee mama, ee mama, halafu chaji inaisha.

Ni lile la kwa fundi. Mimi ndo niliyemwambia bibi asikuruhusu tena kukaa kwa yule seremala ukitoka shule, niliambiwa unamaliza saa nzima umesimama unaangalia watu wanachonga vitanda, nikaona mtoto mwakani yuko la saba huyu anachezea muda, nikatuma ile voisi ya ukali. Sasa naifuta. Ngoja nikwambie kilichotokea.

Jumamosi nilimpeleka yule bibi ninayemtunza huku kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston, yeye kwenye kiti cha magurudumu mimi nasukuma, tukafika mbele ya picha moja kubwa kweli, karibu mita mbili na nusu kwenda juu. Mhunzi kasimama kwenye fuawe, nyundo mkononi, mikono ya shati kaikunja, aproni ya ngozi, moto unawaka. Anaitwa Pat Lyon, aliyemchora ni John Neagle, 1826 hadi 1827. Huyo Lyon wakati huo alishakuwa na hela zake, angeweza kuchorwa kavaa koti zuri kama matajiri wenzake, akakataa, akataka achorwe yuko kazini. Na dirishani unaona kimnara cha jela, jela ya Philadelphia aliyowekwa 1798 bila kosa lolote. Benki iliibiwa dola 162,821, na yeye ndo aliyekuwa ameshughulikia makufuli ya milango yao ya chuma, basi wakasema nani mwingine angeweza kuifungua kama si fundi mwenyewe. Kumbe siku ya wizi hata mjini hayupo, yuko Lewes, Delaware, kaikimbia homa ya manjano na kijana aliyekuwa anamfundisha kazi, na yule kijana homa ikamuua kulekule. Aliposikia anatafutwa akarudi mwenyewe kwa miguu yake, wakamfunga hivyohivyo. Aliwashtaki baadaye akashinda.

Sasa nyuma yake pale, kwenye mivukuto ya kupulizia moto, kuna mtoto. Mwanzoni nilimwona nikampita. Ila baada ya kujua habari ya yule kijana aliyekufa nikarudi kumtazama tena na tena mpaka bibi wa watu akaniuliza tunaondoka saa ngapi. Maana hiyo picha ingetosha bila mtoto, moto upo, chuma kipo, fundi mwenyewe kifua mbele, lakini mchoraji kamweka. Nikakufikiria wewe na sare yako ya shule pale mlangoni kwa fundi, begi mgongoni.

Usiku sikulala, nikakaa na simu natafuta picha zingine za namna hiyo na zipo nyingi Wamarekani wamechora. Iliyonishika kuliko zote ni ya Henry Ossawa Tanner, huyu ni Mmarekani mweusi, kazaliwa Pittsburgh 1859, mama yake alizaliwa utumwani. Picha inaitwa The Young Sabot Maker, ya 1895, aliichora akiwa Ufaransa na sasa iko Kansas City. Sabot ni viatu vya mbao, kama mitalawanda ya bibi ila hivi vinafunika mguu mzima, unachukua gogo unalichimba ndani mpaka kiatu kitoke. Basi kijana kaulalia mpini wa chombo cha kuchimbia kwa uzito wake wote, mwili mzima uko kwenye kazi, maranda yamejaa sakafuni, na nyuma yake kasimama mzee fundi. Uone sasa, hapa aliyesimama kutazama ni mzee! Kafurahi, unaona usoni, hamnyang'anyi kifaa wala hamwelekezi, anamwacha. Mimi nikaona huyo kijana kabla ya siku hiyo naye alisimama sana pale pembeni, huwezi kukabidhiwa mpini ule hivihivi tu.

Na Tanner mwenyewe alianza kwa kutazama. Alikuwa na miaka kama 13, umri wako huohuo, anatembea na baba yake kwenye bustani ya Fairmount huko Philadelphia, wakamkuta mtu anachora. Akaganda. Alimtazama karibu saa nzima yule mtu anavyoweka rangi, na kufika nyumbani kashaamua atakuwa mchoraji, kesho yake akamuomba mama yake senti 15 za kununulia rangi na brashi. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa mkubwa, baadaye akampeleka kwenye kazi ya kinu cha unga, mtoto akaugua, ikabidi wamwache arudi kwenye rangi zake. Niliposoma hapo kwenye kinu cha unga nikaweka simu chini, nikaikumbuka ile voisi yangu.

Kuna na ya Norman Rockwell ya 1948, mtoto anamtazama fundi saa, ilikuwa tangazo la saa za Uswisi, nzuri lakini safi mno, hata mafuta hayapo. Afadhali mchoraji Jacob Lawrence, kakulia Harlem, mtaa wa New York, alipokuwa kijana aliwatazama sana maseremala wakifanya kazi na ukubwani akawa anarudia kuwachora na vyombo vyao, ile Cabinet Makers ya 1946 utaona randa na nyundo zimejaa meza.

Ng'ambo ya mto hapa, Cambridge, aliishi mshairi Longfellow, aliandika juu ya mhunzi chini ya mti mkubwa na watoto wakitoka shule wanasimama mlangoni kuangalia moto. Mti ukakatwa 1876, na 1879 watoto wa mji wakamletea kiti kilichotengenezwa kwa mbao zake. Akaagiza mtoto yeyote akija kukiona aingizwe ndani. Ukija huku nitakupeleka, nyumba bado ipo.

Mimi cherehani nimejua kwa kusimama kwa fundi wa mtaani kwetu, hakuna aliyenifundisha, ile suruali yako ya shule nani aliipunguza?

Kwa hiyo nenda. Bibi nishaongea naye. Ukifika umsalimie fundi kwanza, umwombe ruhusa, uvae viatu na si ndala, ikiwashwa ile mashine ya kukatia usisogee hata kidogo na ukiambiwa shika huku ushike kwelikweli. Hesabu ufanye kabla ya kulala. Nitapiga Jumapili usiku, nataka uniambie miguu ya kile kitanda anaiunga vipi, misumari au anatoboa, na patasi anaishikaje.

Mama yako