YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATUNZO YA MAMA YANGU NA KUACHISHWA KAZI KWA MHUDUMU WAKE

Mwanga, Kigoma
12 Machi, 2025

Meneja,
Kampuni ya wahudumu wa wagonjwa na wazee majumbani,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Nimepokea barua yenu ya tarehe 3 Machi inayoniarifu kwamba mhudumu mliyemleta nyumbani kwetu ameachishwa kazi kwa uzembe, na kwamba kwa upande wenu shauri limekwisha. Kwangu halijaisha. Sikuomba binti huyo afukuzwe. Niliomba maelezo, na maelezo hayo yanawahusu ninyi kabla ya kumhusu yeye.

Mama yangu ana miaka 78 na amepooza upande wa kulia kutokana na kiharusi, hivyo hawezi kujigeuza kitandani. Katika mkataba tuliotia saini Julai mwaka jana, mliahidi mhudumu mwenye mafunzo ambaye angemgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, angempa dawa za presha kwa wakati, na angeandika yote hayo katika daftari. Niliporudi kutoka Kasulu, ninakofanya kazi, mwishoni mwa Februari, nilimkuta ana kidonda juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapokaribiana na ngozi, na kingine kikianza kisiginoni. Daktari aliyemwona alinieleza kuwa ni vidonda vya mgandamizo, yaani nyama hufa kwa kukosa damu mwili unapolalia sehemu moja muda mrefu.

Hata hivyo, daftari lilikuwa limejaa. Kwa siku 19 mfululizo, kila baada ya saa mbili, hata saa nane usiku na saa kumi alfajiri, imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kwamba mgonjwa amegeuzwa. Mtu anayelala hata kidogo hawezi kujaza daftari namna hiyo, na nilipomuuliza binti hakubisha: mwenzake wa zamu alihamishiwa kwa mteja mwingine, akabaki peke yake, na msimamizi wenu alimwambia ajaze kurasa ili ukaguzi usikwame. Mafunzo aliyopewa yalikuwa ya siku tatu, nyingi zikiwa za usafi na upishi. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kutumia shuka kumgeuza mtu mzito kuliko yeye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ninyi mlimwacha siku 19 bila kumpumzisha, mkaniletea ankara ya wahudumu wawili (niliilipa, na risiti ninayo), kisha kidonda kilipoonekana mkamtwisha yeye lawama. Uzembe wa mtu asiyelala unapaswa kuhesabiwa kwa aliyempangia zamu.

Jambo la pili limeniuma zaidi. Picha ya mama akilishwa uji, kichwa wazi, imetumika katika tangazo lenu la WhatsApp pamoja na maelezo ya ugonjwa wake. Huyu ni mwanamke aliyeuza dagaa mwaloni Kibirizi miaka mingi na hakuwahi kutoka nje bila kujitanda khanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, ambazo msingi wake ni ridhaa ya maandishi ya mhusika. Kiharusi kilimpunguzia mama usemi, hakikumpunguzia akili. Mngemuuliza, angetikisa kichwa, na mngeelewa. Hamkumuuliza yeye wala mimi.

Kwa hiyo ninaomba, ndani ya siku 14, picha hiyo iondolewe na mnieleze kwa maandishi ilifikia nani. Mnirudishie fedha za mhudumu wa pili ambaye hakuwapo, na mlipie matibabu ya vidonda hadi vitakapopona. Nami nipewe nakala ya ratiba ya zamu za Februari pamoja na jina la aliyeiidhinisha. Kuhusu binti, ninaomba barua ya kumwachisha kazi ifutwe. Amekaa kwetu miezi minane, na kwa macho yangu nimemwona akimwimbia mama ili ameze dawa. Kazi hiyo haikuwa katika mkataba wowote.

Nisipopata majibu, nitawasilisha suala la picha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na suala la matunzo kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Binti nimekwisha kumweleza kwamba ana siku 30 tangu kuachishwa kazi kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nakala za kurasa zile za daftari nimempa.

Wenu,
Mtoto na msimamizi wa mgonjwa