Barua kwa Shomari: gari la Mzee lisirudi kiwandani

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Shomari,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Bi Mkubwa hajambo, mguu umepungua uvimbe, na juzi kaja gereji mwenyewe kwa bajaji kunikagua kazi. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imeshakuwa mto. Wasalimie nyumbani wote, na yule mdogo mwambie shangazi zake wanamngoja. Haya, salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Nimepata ujumbe wako na ile picha. Peugeot 404 nyeupe, imepigwa polishi mpaka mtu anaweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake, na maneno yako chini: nataka la Mzee liwe hivi, kama lilivyotoka kiwandani. Niliusoma kwa sauti Kibwana akiwa chini ya gari. Akatoka, akafuta mikono, akaniuliza, "Kwa hiyo ile keria tunaikata?" Nikamwambia asubiri. Ndiyo maana nakuandikia, maana kwenye simu wewe hushikiki: mara uko barabarani, mara uko kazini, na mtandao wako hukatika penye hoja yangu tu.

Nikueleze kwanza nilichokikuta. Viti nimetoa, zulia nimetoa. Sakafu upande wa abiria imeoza, unapitisha ngumi, lakini chini ya milango bado chuma kizima. Ile keria ya mabomba ya maji, aliyochomelea Mzee na marehemu Fundi Saidi, haina hata nyufa moja. Chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuna lile bamba la chuma, limejaa mikwaruzo ya mawe ya njia ya Handeni, mengine marefu kama shubiri mbili. Springi zimeinuliwa. Na ekzosi, Shomari, nililala chini nikaitazama muda mrefu. Mzee hakuiacha ining'inie ilivyokuja. Kaipandisha, kaibana juu karibu na sakafu, kaikunja mahali isipogonga mawe. Ndiyo maana tulipokaa nyuma miguu iliungua tukamlaumu Mzungu aliyeliunda gari. Kumbe Mzungu hana kosa, ni baba yako.

Unakumbuka Mzee alikuwa akisema nini kila akipanda mlima wa Soni? "Shankland angepita hapa kwa gia ya tatu." Bert Shankland huyo, aliyekuwa akiishi Dar, aliyechukua Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na akarudia 1967. Mzee hakununua 404 kwa sababu ya viti. Alinunua kwa sababu aliona magari yale yakirudi yamejaa tope, yakiwa mbele ya wote. Kisha akaanza kulitengeneza la kwake lifanane na yale, kwa mshahara wa bwana shamba. Sasa wewe unataka nilirudishe liwe la daktari wa Paris.

Nina kisa cha kukujibu nacho, na kizuri zaidi ni kwamba ni cha huko huko Los Angeles uliko.

Iko Ford ya mwaka 1932, rodista nyeusi. Paa lake turubai la kukunja, milango haina vioo vya kupandisha. Henry Ford aliitoa mwaka huo Marekani ikiwa katikati ya dhiki ya uchumi, na akaitia injini ya V8, yaani ya silinda nane, kitu ambacho kwa kawaida ulikikuta kwenye magari ya wenye nazo. Bloku yote aliisubu kipande kimoja, ndipo bei ikashuka. Rodista ilikuwa chini ya dola 500. Nguvu farasi 65. Ugonjwa wake ulikuwa joto, kwa sababu moshi ulipitishwa ndani ya bloku yenyewe, katikati ya silinda, kabla ya kutoka nje. Fikiria mwenyewe maji yake yalikuwaje. Ningekuwa na gereji Los Angeles miaka ile ningejenga nyumba kwa kuzibua rejeta tu.

Baada ya miaka michache magari hayo yakawa ya mkono wa pili, bei ya kutupa, na vijana wa California wakayavamia. Wakang'oa madigadi, wakang'oa bampa, wakalala na kabureta. Hayo ndiyo hotirodi. Jumamosi usiku wanapanda kwenda jangwa la Mojave, kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc kwanza, halafu El Mirage jeshi lilipoichukua Muroc. Udongo umekauka tambarare, hakuna jiwe wala mti. Wanatoa kioo cha mbele, wanakimbia mmoja mmoja wakipimwa muda, jioni wanafunga kila kitu mahali pake na Jumatatu gari hilo hilo linawapeleka kazini. Mwaka 1937 wakaunda chama chao, SCTA, kiwe kinapima mwendo na kuleta nidhamu. Vic Edelbrock, ambaye jina lake unaliona kwenye vipuri huko, alianza hivyo hivyo: rodista ya 1932, akabuni manifoldi yake mwenyewe, ile njia ya kupeleka hewa na mafuta kwenye silinda, na mwaka 1941 akapita maili 120 kwa saa kwenye ziwa la Rosamond.

Sasa hiyo nyeusi. Aliyeanza kuijenga ni Jack Dorn, lakini iliyoifanya ijulikane ni mikono ya Doane Spencer, aliyeipata katikati ya miaka ya 1940. Spencer aliitia kioo cha mbele cha DuVall, vipande viwili vilivyokutana katikati kama kiwiko na kulalia nyuma. Ukiliona gari hilo hata kwenye picha ndogo, kioo ndicho kinachokuambia ni lenyewe. Alilikimbiza El Mirage, nalo likavuka maili 120. Angeweza kuishia hapo akawa na gari zuri la kupigia picha.

Lakini mtu huyu akapata wazimu mwingine, na hapa ndipo nikaweka simu chini nikamwita Kibwana. Mexico walianzisha mashindano ya barabara ndefu, Carrera Panamericana, kutoka mpaka hadi mpaka, yaliyofanyika kuanzia 1950 hadi 1954. Spencer akataka kwenda. Wenzake wote wanashusha magari yakaribie ardhi, yeye akaanza kuliinua lake, maana barabara ya Mexico haina uso wa ziwa kavu. Bado mabomba ya ekzosi yakawa yamekaa vibaya chini, jiwe moja tu na yamekwenda. Unajua alifanya nini? Akayapitisha ndani ya fremu ya chesisi. Akatoboa chuma, akatengeneza njia, moshi ukapita mahali ambapo jiwe haliwezi kufika. Shomari, ni wazo lile lile la baba yako, ila Spencer alikuwa na msumeno mzuri zaidi.

Na Mexico hakufika. Mashindano yalifutwa gari halijaonja barabara ile, akaliuza. Likapita mikononi mwa watu, mpaka miaka ya 1990 likanunuliwa na Bruce Meyer wa Los Angeles, akalipeleka So-Cal Speed Shop kwa Pete Chapouris kutengenezwa upya. Hapo sasa nisikilize. Fedha anayo. Fundi anaye. Vipuri vya Ford ya 1932 kule vinapatikana. Angeweza kusema kama wewe: lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Hakusema. Alilirudisha lilivyokuwa kwa Spencer, matundu yake yote na ukorofi wake wote. Mwaka 1997 wakalipeleka Pebble Beach, kwenye yale maonyesho ya magari ya kifahari ambako waamuzi wanapiga magoti kutazama kama skrubu ni ya mwaka wenyewe. Mwaka huo ndio kwanza hotirodi zilifunguliwa kundi lao pale. Likashinda gari la Spencer.

Kama lingefutwa alama za Spencer, lingebaki Ford nyeusi ya 1932. Ziko nyingi.

Najua utakachosema, kwa hiyo nakijibu kabla hujakisema. Utasema: basi ni lipi la Mzee? Maana Rajabu naye alikaa nalo miaka sita, akang'oa ile injini ya Peugeot iliyolala ubavu, akatia ya Toyota, akatia spika nyuma zinazotosha harusi, na vioo vyeusi. Hayo nayo ni historia? Hapo umenibana, na sikufichi kwamba Wamarekani wenyewe linawasumbua. Liko gari jingine, la Bob McGee, 1932 pia, jekundu. McGee alirudi kutoka vitani akalijenga kwa usafi wa ajabu: bawaba za milango amezificha, vishikio vya nje kavitoa, boneti ya vipande vitatu, uso wa rejeta umenyoshwa mpaka una mstari katikati. Oktoba 1948 likatoka jalada la jarida la Hot Rod, ambalo lilikuwa bado halijatimiza mwaka. Baadaye likawa la Dick Scritchfield, akalitia injini ya Chevrolet, akalipiga rangi yenye chembe za kumetameta zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia, likaonekana kwenye filamu na televisheni, akalikimbiza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kwa zaidi ya maili 160 kwa saa. Miaka na miaka. Likaja kwa Meyer huyo huyo, naye akachagua 1948. Chembe zikaenda.

Mimi ningeziacha. Lakini mimi ni fundi bodi, napenda rangi kuliko haki.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nimekwisha kumwambia Bi Mkubwa, hakupinga, alicheka tu: spika za Rajabu zitoke, vioo vyeusi vitoke, na Rajabu akikasirika aje kwangu. Keria ibaki. Bamba la sampu libaki na mikwaruzo yake, nitaliosha na kulipaka mafuta, rangi sipigi. Ekzosi itabaki juu ila nitaweka kinga ya joto sakafuni, wanao nao wasiungue kama sisi. Sakafu nitaikata na kuchomelea bati jipya, hiyo haina mjadala, kuoza si historia. Injini ndiyo inanitesa. Ile ya Peugeot iko kule kwa mjomba Hamisi, chini ya banda la kuku, nimekwenda kuiona. Inazunguka kwa mkono, pistoni hazijashika. Lakini gharama, na pete za pistoni za kutafuta, na Toyota inawaka kila asubuhi bila kuombwa... sijui kama Mzee mwenyewe angekubali kuiondoa. Yeye alikuwa mtu wa kinachofika.

Tena kuna kitu nataka unifanyie. Jumba la magari la Petersen liko hapo Wilshire Boulevard, Meyer alikuwa miongoni mwa walioliasisi. Nenda siku moja na watoto. Kama rodista ya Spencer imewekwa pale, usinipigie picha ya mbele, za mbele ninazo. Inama. Nataka kuona bomba linaingilia wapi kwenye fremu, na pale linapoingia wameweka nini kuzuia mtikisiko. Wakikufukuza waambie una fundi Tanga anasubiri.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa kidole gumba. Keria ibaki au isibaki? Rangi je, ile kijivu ya mwanzo, au ile ya kijani ambayo Mzee alipiga alipostaafu? Yule aliyekuuzia wazo la 404 nyeupe ni nani, ni shemeji? Pete za pistoni utaweza kuniulizia huko, au nizungumze na yule jamaa wetu wa Mombasa? Rajabu umemwambia kuhusu spika, au mmeniachia mimi tena? Bado mnakuja Desemba, na mkija mtakaa kwa Bi Mkubwa au mtatusumbua hotelini? Na lile gari likiwa tayari, nani ataliendesha kwanza, maana mama yako ananiambia ni yeye, na leseni hajawahi kuwa nayo?

Jibu kabla ya Jumamosi. Kibwana ameshanoa msumeno, na yeye akishanoa hana subira.

Ndugu yako,
Mbwana