Mkondo wa kurudi baharini si maji kupwa

Bwana Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwaonya wanaoogelea baharini wajihadhari na "rip tide", mkalifasiri neno hilo "maji kupwa yenye nguvu". Mimi hufundisha Kiingereza hapa Goma. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma, akaniambia: "Basi mwalimu, nikifika Mombasa nitasubiri maji yajae, ndipo niingie." Nilishtuka.

Watoto wetu hawajaona kupwa na kujaa. Siku hiyo tulishuka ziwani, pale watu wanapochotea maji kwa vidumu vya njano, tukachora mstari wa chaki kwenye jiwe jeusi la volkano, juu kidogo ya maji. Jioni maji yalikuwa palepale. Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, nayo ni kazi ya mwezi na jua.

Mlichokitaja ninyi huletwa na mawimbi. Yakivunjika mfululizo husukuma maji ufukweni. Maji hayo hutafuta pa kurudia, na yakipata upenyo kati ya mafungu ya mchanga hutoka kwa kishindo, mkondo mwembamba unaoweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Maji yakipwa huenda ukazidi nguvu, lakini hata bahari ikijaa unaweza kuwapo. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambako kupwa hakuonekani kwa macho, mkondo huo huua watu. Ndiyo maana wataalamu husema "rip current", na lile neno lenu "rip tide" huliachia maji yanayopita kwa nguvu mlangoni mwa ghuba bahari inapojaa au kupwa.

Wataalamu wa volkano walichukua neno letu mazuku, wakalitumia kwa maana tunayoijua: hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua. Nasi tulitendee vivyo hivyo neno lao.

Naomba mrekebishe, mwandike "mkondo wa kurudi baharini". Mseme pia kwamba haumvuti mtu chini, humpeleka mbali. Wengi huzama kwa kuchoka wakipambana nao. Aliyenaswa aelee, aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke, ndipo arudi nchi kavu.

Yule mwanafunzi anasafiri likizo kubwa, na kipande cha gazeti lenu bado amekibandika kwenye daftari lake.

Mwalimu wa Kiingereza,
Goma