Heri ya Pasaka, na ndege waimbe

Ndugu, jamaa na marafiki, Kristo amefufuka!

Nawatakia Pasaka njema kutoka hapa nyumbani. Masika yameanza vizuri, na leo kabla ya kengele ya kanisa shore walishaamka mwembeni. Nikawasikiliza gizani, nikamkumbuka Rachel Carson, mwandishi wa Marekani aliyesimulia jinsi sumu ya wadudu ilivyoua ndege.

Kwao Marekani Pasaka huangukia majira ya machipuko, theluji ikiyeyuka na ndege wakirejea. Robin, mwenye kifua cha rangi ya tofali, ndiye huwaambia watu baridi imekwisha. Miaka ya 1950 huko Michigan miti ya elmu ilipuliziwa DDT kuua wadudu wanaoeneza ugonjwa wake. Majani yakapukutika, nyungunyungu wakayala. Machipuko yaliyofuata robin wakarudi, wakala nyungunyungu, wakafa wakitetemeka. Wala hakuna aliyekusudia kuwaua. Hapo ndipo ninapoumia kila nikisoma: sumu ilishuka na jani, ikaingia ardhini, ikawangoja.

Carson alikuwa mwanabiolojia aliyekwisha kupendwa kwa vitabu vyake vya bahari. Angeweza kubaki na bahari yake. Lakini Januari 1958 rafiki yake wa Massachusetts alimwandikia kuhusu ndege waliokufa uani kwake baada ya dawa kumwagwa kutoka angani. Akaanza kukusanya ushahidi. Kitabu chake, Silent Spring (yaani Machipuko ya Kimya), kilitoka 1962, kimeandikwa huku saratani ya matiti ikimdhoofisha. Kampuni za kemikali zilimwandama. Hakutaka dawa zote zipigwe marufuku. Alitaka tujue zinakokwenda zikishatoka mikononi mwetu. Juni 1963, mgonjwa, aliketi mbele ya kamati ya Seneti akayasema hayo kwa utulivu. Alifariki 14 Aprili 1964, siku 16 baada ya Pasaka, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972. Hakuiona siku hiyo.

Wapendwa, wiki hizi tunapanda. Viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi, mabomba ya kupulizia yatatolewa stoo. Nawasihi, someni maelezo ya dawa, na bomba lisioshewe mtoni.

Wazee wangu, shikamooni. Watoto, kuleni pilau mshibe. Mvua imekatika kidogo, tunatoka kwenda ibadani, na shore wameanza tena.