Kopo la Epoksi Lililopitwa na Tarehe: Lipi Litumike na Lipi Liwekwe Kando

Mwezi uliopita aliingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa karakana ya reli, amebeba makopo mawili ya gundi ya epoksi ndani ya kikapu cha ukili. Anajenga ndege ndogo ya mbao uani kwake, jambo ambalo hatukulitegemea, kwani wengi wanaonunua epoksi kwetu ni mafundi wa mashua. Makopo yale aliletewa na mwanawe kutoka nje miaka minne iliyopita, akaunganishia mbavu za bawa la kwanza, kisha fedha zikakata na kazi ikasimama. Sasa anataka kuanza bawa la pili, na tarehe iliyochapwa kwenye makopo imekwisha kupita. “Mwanangu,” aliuliza, “gundi nayo huchacha kama maziwa?”

Tumeona tulijibu swali hilo kwa maandishi, kwa sababu linawahusu wengi kuliko yeye. Ndege ya kujijengea huchukua miaka; nchini Marekani, ambako wajenzi wa aina hii ni wengi, sheria humtaka mjenzi afanye zaidi ya nusu ya kazi kwa mikono yake ndipo ndege iandikishwe katika kundi hilo, na kazi hiyo hufanywa jioni na siku za mapumziko. Mwenye mashua wa hapa kwetu naye hujenga kadiri fedha inavyopatikana: mwaka huu mkuku na mataruma, mwakani mbao za ubavuni. Wote wawili hujikuta wanafungua tena kopo walilolifunga zamani.

Epoksi huja kwa sehemu mbili, resini na kigumishi, ambacho mafundi wengi hukiita hadina, na sehemu hizi hazizeeki kwa namna moja. Resini ni mvumilivu. Ikiwa kopo limefungwa vizuri, inaweza kukaa muda mrefu bila kuharibika, na tatizo lake la kawaida ni kuganda chembechembe nyeupe kama asali ya zamani, hasa ikiwa imepitia baridi njiani au mtu ameihifadhi kwenye friji. Kuganda huko si kuoza. Kopo likiwekwa ndani ya maji ya moto ya nyuzi 50 hivi, mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo na maji yasiingie, kisha resini ikakorogwa mpaka iwe angavu kabisa, hurudia hali yake. Chembe zikibaki, kipimo chako hakitakuwa sahihi, na mara nyingi kopo zima litaganda tena.

Kigumishi ndicho cha kutiliwa shaka. Vigumishi vingi vya epoksi ni vya jamii ya kemikali zinazoitwa amini, ambazo hufyonza unyevu na gesi ya kaboni dioksidi kutoka hewani. Ndiyo maana kopo lililofunguliwa mara nyingi huota ukoko mweupe kuzunguka mdomo wake. Rangi peke yake isikutishe, kwani kigumishi kinaweza kugeuka kuwa chekundu au cha kahawia na kikafanya kazi vizuri. Ukoko, uwingu na mabonge ndiyo dalili za kuangalia. Mtengenezaji anapoandika mwaka mmoja au miwili, huhesabu kopo ambalo halijafunguliwa, lililotunzwa mahali pakavu penye joto la wastani, na wala hakufikiria stoo ya bati ya Tanga wakati wa kaskazi. Kanuni ya jumla ya wanakemia husema kwamba mwendo wa mabadiliko ya kikemikali hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kwa hiyo kopo lililokaa juu ya dari lina umri mkubwa kuliko tarehe yake. Liweke chini, chumba cha ndani, na ukilitoa mahali pa baridi usilifungue mpaka lifikie joto la chumba, la sivyo umande utaingia ndani.

Hapa kuna kosa tunaloliona karibu kila wiki. Fundi aliyezoea resini ya poliesta, ile ya kutengenezea fiberglasi, hujua kwamba akiongeza matone ya kichocheo kazi itakauka haraka. Epoksi haiko hivyo. Kigumishi chake si kichocheo, bali ni sehemu ya gundi yenyewe. Kila chembe yake lazima ipate mwenzake wa resini, na kinachozidi hubaki humo humo kikilainisha kiungo. Kigumishi kilichochoka hakisaidiwi kwa kuongezwa. Gundi ya namna hiyo huonekana ngumu kivulini, kisha ubao ukikaa juani mchana kutwa inalegea, na kiungo kinateleza bila kelele.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Zamani tulikuwa tukinunua kigumishi kwa dumu na kukigawa kwenye chupa za maji ya kunywa ili mwenye fedha kidogo naye apate. Fundi mmoja wa ngalawa alirudi na kipande cha ubao ambacho gundi yake, siku ya tano, bado ilinata kidoleni kama ulimbo. Tulimrudishia fedha zake, lakini mbao zake tungezirudishaje? Tangu hapo tunauza makopo yaliyofungwa na mtengenezaji tu, hata yale madogo, na tunaandika tarehe ya mauzo kwenye mfuniko.

Mwenye kopo la zamani asiliamini wala asilitupe kabla ya kulijaribu. Chukua vipande viwili vya mbao ile ile utakayoitumia, vipige msasa, changanya gundi kwa kipimo alichotoa mtengenezaji (ujazo na uzito si kipimo kimoja, soma vizuri), viunganishe na uvibane kwa wastani, maana epoksi ikibanwa sana hukamuliwa yote ikatoka. Viache wiki moja. Kisha weka patasi kwenye mshono na upige nyundo. Ubao ukipasuka wenyewe, nyuzi zake zikabaki zimeng’ang’ania pande zote mbili, gundi ni nzima. Mshono ukiachana safi, unang’aa kama kioo, rudia jaribio mara moja kwa uangalifu zaidi, kwani huenda mbao ilikuwa na mafuta. Ukiachana tena, gundi hiyo haifai kwa kiungo chochote kinachobeba uzito. Ile iliyobaki kikombeni nayo iweke juani kando ya kipande cha gundi mpya, uvibonyeze vyote viwili kwa ukucha. Wajenzi makini wa ndege hutunza sampuli ya kila mchanganyiko, imeandikwa tarehe na sehemu ilikotumika.

Kwa mashua, gundi iliyofaulu jaribio hilo tunaweza kukubali itumike. Kwa ndege hatukubali, hata ikifaulu, kwa sababu jaribio la uani huonyesha kipande kimoja cha siku moja, na mbavu za bawa zina viungo vingi ambavyo vikishafunikwa havionekani tena. Huko neno ni la mtengenezaji wa gundi, la aliyechora ndege, na la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Mzee alituuliza kama bawa la kwanza nalo limeharibika. Hapana, tarehe ya kopo huhusu gundi iliyo koponi, na viungo vilivyounganishwa ilipokuwa mpya, vikakauka sawasawa, havihesabiwi kwa tarehe hiyo. Alinunua makopo madogo ya kumtosha mbavu sita, atarudi kwa nyingine akifika huko. Yale ya zamani alisema atagundishia kigoda cha mkewe, ambacho kimelegea mguu mmoja tangu mfungo.