Wanafunzi wa biolojia wafundishwe kueleza utafiti wao

Mhariri,

Mjadala kuhusu ubora wa wahitimu wetu umegusa mitaala na ajira, lakini umeruka jambo moja: namna wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biolojia wanavyofundishwa kutafiti na kueleza walichokipata.

Mara nyingi utafiti husubiri mwaka wa mwisho. Mwanafunzi huenda kando ya Ziwa Victoria, huchota konokono kwa chujio, huwaweka majini chini ya mwanga kuona kama watatoa vimelea vya kichocho, kisha huandika ripoti ya Kiingereza inayoishia kabatini. Mvuvi aliyemwonyesha walikojaa konokono, na ambaye wanawe huoga papo hapo, haambiwi kitu. Na mwanafunzi huyo akitakiwa aeleze kwa Kiswahili, hubabaika.

Napendekeza mafunzo haya yaanze mwaka wa kwanza kwa maswali madogo, hata ya mbu wa mitaro ya chuoni. Alama za mradi wa mwisho zisikamilike hadi matokeo yawasilishwe kwa Kiswahili kijijini au kwenye redio ya jamii. Wahadhiri watasema hawana muda. Basi ipunguzwe mitihani ya kukariri.

Msomaji,
Mwanza