Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu Barabarani

Asalaam aleikum wanachama wenzangu madereva wa malori, na mlioko njiani mtaisoma hii mkipaki. Hesabu za chama atawaeleza mweka hazina, mi naenda moja kwa moja kwa hili la kuporwa mizigo kwa hii barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, toka ile milima ya Mazeras mpaka Taru na Maungu huko usiku huoni hata taa ya mtu.

Watu husema ni vijana wavivu wa bangi tu. Sikubali. Mvivu atajuaje kontena gani lina nini na linatoka geti saa ngapi? Hapo kuna mtu wa ndani kapiga simu, kuna mwenye lori la kupakulia, kuna godauni linasubiri, na kuna mwenye duka atauza huo mzigo kesho bila risiti na sisi wenyewe tutanunua sababu bei iko chini. Yule kijana anayeparamia treila likipanda mlima ndiye hupata kidogo kuliko wote na ndiye hupigwa risasi.

Na katoka wapi? SGR, hii reli mpya, ilianza kubeba mizigo 2018, 2019 ikaja amri ya serikali mizigo ya bara ipande reli, tukaandamana mjini Mombasa, na mnakumbuka mitaa yetu ya Changamwe na Miritini ilivyokuwa, magereji yamefungwa, akina mama wa vibanda vya chakula hawana wateja, maturniboi, wasaidizi wetu wa lori, wamerudishwa nyumbani. 2022 amri ikaondolewa lakini si wote walirudi kazini, na hao wanajua tunasimama wapi na sili ya kufungia kontena inafunguliwaje. Ni watoto wetu jamani, wengine tumewafundisha kazi sisi!

Sheria ipo. Kifungu 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinampa kifo mporaji mwenye silaha au aliye na wenzake, anayepokea mali ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14, lakini huyu wa pili nani amemwona kortini? Na dereva akipewa mileji, yaani pesa ya safari, isiyomfikisha Mtito Andei anauza dizeli kidogo pale kando, basi tayari ashajuana na wanunuzi.

Kamati imewaandikia wenye malori kuhusu mileji na kulala Mariakani badala ya kusukuma usiku. Jibu bado. Tumeanza pia orodha ya maturniboi wasio na kazi, nafasi ikitokea waitwe hao kwanza, kwa hivyo majina mpeni katibu kabla ya mkutano ujao.